Muulize Fundi: Pangaboi liko juu, joto liko kitandani

SWALI: Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba ya marehemu bibi yangu, Mkunazini, hapa Mji Mkongwe. Chumba tunacholala kiko ghorofani, kirefu na chembamba, na boriti ziko juu sana. Mume wangu alipima kwa tepu kutoka sakafuni hadi chini ya boriti akapata mita 4 na sentimita 30. Tumenunua pangaboi la inchi 56 na fundi alilifunga kwa fimbo ileile iliyokuja kwenye boksi. Linazunguka kwa nguvu, tunalisikia, lakini kitandani hatupati kitu. Watoto wanaamka wamelowa jasho. Tumepandisha namba mpaka tano, wapi. Shemeji anashauri tupige siling bodi chumba kizima ili pangaboi lishuke, na mtu wa kuifanya kazi hiyo anaye. Mimi roho yangu inasita. Nifanyeje?
Mama wa watoto wawili, Mkunazini, Unguja

JIBU: Marahaba mwanangu. Isikilize roho yako. Siling bodi usipige. Lishushe pangaboi liwafuate watu, na dari iache palepale alipoiacha bibi yako.

Kwanza elewa kinachotokea humo chumbani. Pangaboi halipozi hewa. Weka kipimajoto mezani, funga milango, liwashe saa nzima, kitasoma vilevile. Pengine kitapanda kidogo, maana mota nayo ina moto wake. Linachopoza ni ngozi. Upepo unakausha jasho, na jasho linapokauka linaondoka na joto la mwili. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wazime wanapotoka chumbani, kwani kuta hazitoki jasho. Na ndiyo maana upepo usiomfikia mtu ni umeme mnaoununua mkaupeleka kwa boriti.

Fimbo ya kwenye boksi aghalabu haizidi sentimita 30. Ukijumlisha na mota, mapanga yako yanazunguka kiasi cha mita 3 na sentimita 80 juu ya sakafu. Upepo unapotoka pale unakokota hewa tuli iliyo pembeni yake, unatanuka, unachoka njiani. Jioni moja fanya jaribio hili ulione kwa macho yako. Chukua ufagio wa kutolea buibui, ule wenye mpini mrefu, ufunge nchani ukanda wa karatasi ya shashi wenye upana wa vidole viwili. Washa pangaboi namba tano. Unyanyue ufagio hadi ibaki nafasi ya mkono mzima chini ya mapanga, usizidi hapo, kisha uteremshe polepole. Juu karatasi itapigwa mpaka ilie. Endelea kushuka. Itafika mahali inapepea kivivu, halafu inaning'inia tu kama shanga. Tia alama ukutani kwa penseli. Nina hakika alama hiyo itakuwa juu ya godoro lako.

Jambo moja zaidi kabla hujatoa pesa mfukoni. Zima, lisubiri lisimame, utazame panga moja kwa ubavu. Limelala mshazari, ukingo mmoja umeinuka kuliko mwingine. Liwashe namba moja uangalie: ukingo ulioinuka ndio utangulie. Ukiona uliolala chini ndio unatangulia, basi nyaya za kapasita, kile kijidude kinachoisaidia mota kuanza, zimeungwa kinyume na pangaboi linavuta upepo juu badala ya kuusukuma chini. Nimekuta nyumba ambayo watu waliishi hivyo miaka, wakidhani wamenunua pangaboi bovu. Fundi atazibadilisha nyaya hizo kwa dakika chache.

Sasa siling bodi. Hapa naomba unisome taratibu, na umsomee na shemeji, kwani najua anawatakia mema. Dari ya juu katika nyumba zetu za mawe ni sehemu ya ubaridi wa nyumba. Hewa ya moto inapanda, inakaa kule kwenye boriti, nyinyi mnabaki chini yake. Kama chumba chenu kina vitundu au vidirisha karibu na dari, joto hilo linatokea humo. Ukipiga bodi kwenye mita 2 na 80 umeliziba joto lisipande, umeziba na vitundu, na chumba chenye upana kama wa nyumba hizi, ambao uliamuliwa tangu zamani na urefu wa boriti ya mkoko, kitageuka kuwa boksi. Linalonitia uchungu zaidi ni boriti zenyewe. Boriti inataka hewa na inataka jicho. Sakafu ya juu ikivuja, leo utaliona doa mapema. Ukishaificha nyuma ya bodi, mchwa na maji vinafanya kazi kimya kimya, na siku utakayojua ni siku chokaa na mawe yanapoanza kuanguka juu ya bodi. Tena Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mabadiliko ya namna hiyo ni ya kupelekwa kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe. Fimbo ndefu ya pangaboi ni bomba tu: ukihama unalifungua unaondoka nalo.

Hesabu ya fimbo ni hii. Mapanga yasiwe chini ya mita 2 na sentimita 10 kutoka sakafuni, huo ndio mpaka wa usalama. Upepo mzuri wa kukaa na kulala unapatikana yakiwa kati ya mita 2.4 na 2.7. Mimi kwako ningechagua 2.6. Toa 2.6 kwenye 4.3, unabaki na mita 1.7. Sehemu ya hiyo inaliwa na kulabu ya juu na mota; lipime pangaboi lako mwenyewe kutoka ncha ya chini ya fimbo hadi usawa wa mapanga, ujumlishe na nafasi ya kulabu. Tuseme imetoka sentimita 20. Fimbo yako ni mita 1.5. Usinunue bomba kabla ya kupima, mapangaboi hayafanani.

Ila kuna kitu watu wengi husahau, na wewe umeniambia una watoto. Hesabu hiyo inaanzia sakafuni, lakini mtoto hasimami sakafuni, anasimama kitandani. Nyumba kama yenu haikosi samadari, na samadari ni kitanda kilichoinuka juu. Godoro likiwa sentimita 80 juu ya sakafu, mtu mzima akisimama juu yake kutandua chandarua akanyanyua mkono, vidole vinapita mita 2 na 80. Vinakutana na mapanga. Kwa hiyo pangaboi lililoshushwa lisikae juu ya kitanda. Liweke mbele ya miguu ya kitanda, katikati ya upana wa chumba, upepo uje mshazari. Chumba chenu ni kirefu, nafasi ipo. Mapanga ya inchi 56 yanachora duara la mita 1.4, katika chumba cha upana wa mita 3 unabakiwa na sentimita 80 kila upande, inatosha. Kabati refu lisogezwe, libakie mbali na ncha za mapanga kwa sentimita 60 angalau. Na chandarua kikunjwe kifungwe mchana, kisiachwe kikipepea upande wa pangaboi. Chandarua kikishikwa na panga hakichaniki peke yake, kinavuta na miti iliyokishika.

Tuje kwenye kulabu. Kati ya boriti na boriti dari yenu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Humo usiruhusu fundi yeyote atoboe aingize plagi ya plastiki na skrubu. Matumbawe yana vitundu, chokaa ni laini, mtikisiko wa pangaboi unaitafuna plagi kidogo kidogo mpaka inatoka. Pangaboi lifungwe kwenye boriti, na boriti ipimwe kwanza. Panda ngazi na bisibisi. Gonga kwa mpini kutoka ukutani kwenda katikati: boriti nzima inalia kavu, tak, tak, iliyoliwa inalia kama dafu tupu. Ichome kwa ncha, hasa pale inapoingia ukutani, kwani ndipo unyevu unapoanzia. Ncha ikizama bila ubishi, hamia boriti nyingine.

Namna ninayoifunga mimi ni hii. Naagiza kwa fundi chuma vipande viwili vya chuma bapa, anavikunja umbo la U, vinakumbatia boriti mbili jirani kutoka chini. Bolti inapita ubavuni mwa boriti, inaingia upande huu inatokea upande ule. Skrubu iliyopigwa kwa chini inaning'inia kwa meno yake tu, na mti ukikauka meno yanaachia. Bolti ya ubavuni inakaliwa na mzigo, haina pa kutoka. Kisha chuma cha engo, kile chenye umbo la L, kinaunganisha vikumbatio viwili, na kulabu inakaa katikati ya engo. Mzigo unagawana boriti mbili. Mapangaboi mengi ya kawaida hayazidi kilo 6 au 7, lakini kilo hizo zinatikisika usiku kucha, msimu wote wa kaskazi.

Bomba liwe la chuma, kipande kimoja, bila kuungwa. Bomba la plastiki la maji hapana, hata likiwa nene. Wapelekee dukani fimbo ya zamani yenyewe walinganishe unene wa nje, kwa sababu bomba linaloitwa la inchi nusu unene wake wa nje ni kama milimita 21, si inchi nusu, na watu hununua kwa jina wakafika nyumbani haliingii. Matundu ya bolti yatobolewe kwa drili, yawe na nafasi ileile kutoka nchani kama ya fimbo ya zamani. Halafu fanya kazi ambayo mafundi wenye haraka huiruka: chukua tupa, ulainishe kingo za ndani, mdomoni mwa bomba na kwenye matundu. Bomba likikatwa linaacha makali membamba kama wembe. Pitisha kidole polepole utayasikia. Waya unaopita humo unatikisika kila siku, na makali yale yanakata ganda lake mpaka bomba zima linakuwa na umeme. Na bomba lenyewe sasa mmelisogeza karibu na mikono ya watu. Kwa hiyo waya uwe mpya, mrefu wa kutosha, usiungwe ndani ya bomba, na uwe na mshipa wa tatu, ule wa kijani na njano wa ethi, unaoupeleka ardhini umeme ukivuja, uungwe kwenye chuma cha pangaboi. Nyumba nyingi za zamani nyaya zake mbili tu zilifika darini. Kama yenu ni hivyo, waya wa ethi uvutwe kwanza. Na kazi yote hii mein swichi iwe chini, si swichi ya ukutani peke yake.

Nimalizie na pini. Bolti ya juu na ya chini kila moja ina nati, na baada ya nati kuna kijitundu kinachoingia pini ya miguu miwili, inayokunjwa. Nilipokuwa mwanagenzi tulifunga pangaboi katika nyumba iliyojiandaa kwa harusi. Mimi ndiye niliyekuwa juu ya ngazi. Nilikaza nati kwa nguvu zangu zote, pini ikanidondoka, ikabingirika chini ya kabati, nikaona nati imekaza inatosha. Siku ya nne mwenye nyumba akasikia kitu kinagonga, akazima, akatuita. Mwalimu wangu alipanda, akaishika nati kwa vidole viwili, ikazunguka bila spana. Ilibakisha mizunguko miwili idondoke. Chini yake palikuwa na mkeka wa watoto waliokuja harusini. Hakunigombeza. Alinipa ile nati niishike mkononi mpaka tukafika nyumbani. Tangu siku hiyo sishuki ngazi kabla sijaigusa pini kwa kidole changu, na naomba na fundi wako aiguse wewe ukiwa umesimama pale. Juu ya hapo ongeza kamba ya waya wa chuma, iungwe kwenye boriti kivyake na kwenye mwili wa mota, ili bolti ikifeli siku yoyote pangaboi libaki hewani.

Likishafungwa litayumba kidogo linapoanza, kwa sababu fimbo ni ndefu. Likishika kasi litulie. Namba tatu itawatosha. Rudia jaribio la ufagio uone alama yako ya penseli imeshuka wapi, uniandikie.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Madrasa yetu ina paa la bati na kenchi ziko juu. Mapangaboi yalikuwa hayafikishi upepo, tukampa fundi wa kuchomea aunge mabomba mawili mawili ili fimbo zifike mita 2. Matatu ni mazima ila moja linayumba kama bembea, na kadiri unavyoongeza namba ndivyo linavyozidi. Wanafunzi wanakaa chini yake. Je, tulikaze wapi?
Mwalimu wa madrasa, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, maalim. Lizime leo, na hayo matatu uyaitayo mazima uyazime pia. Uyumbaji wa hilo moja umekuonyesha mapema. Kiungo cha kuchomelea kwenye fimbo ya pangaboi hakionekani kikifa: ufa unaanza mdogo kama unywele chini ya rangi na unakua kila linapotikisika. Nunueni bomba zima la mita 2 kwa kila moja. Mabomba ya chuma huuzwa marefu kuliko hapo, kipande cha mita 2 kisicho na kiungo kinapatikana bila taabu.

Bomba jipya likija, kabla ya kulifunga, libiringishe juu ya meza iliyonyooka ukiwa umeinama usawa wa meza. Ukiona mwanga unapita chini yake, unapotea, unarudi, limepinda. Lirudishe dukani. Kupinda kidogo juu kunakuwa kuyumba kwingi chini.

Kama baada ya hapo bado linayumba, tatizo liko kwenye mapanga. Yafute vumbi kwanza. Vumbi la madrasa iliyo kando ya barabara lina uzito. Kisha simamisha ufito chini ya ncha ya panga moja, utie alama usawa wake, uzungushe kwa mkono panga la pili lifike palepale, halafu la tatu. Yakipishana kwa zaidi ya milimita chache, moja limepinda, na mara nyingi ni lile lililotumika kama mshikio wakati wa kulipandisha. Lifungue ulinyooshe polepole, au ubadili seti nzima. Usichukue panga la pangaboi jingine ukachanganya, hata kama ni la kampuni ileile, kwa sababu huuzwa yakiwa yamelinganishwa uzito. Yakiwa sawa na bado linayumba, bandika sarafu kwa utepe juu ya panga moja, katikati ya urefu wake, uliwashe. Jaribu panga la pili, la tatu. Panga ambalo sarafu inalituliza ndilo jepesi. Sasa isogeze sarafu kuelekea nchani au ndani mpaka litulie kabisa, uigundishe kwa gundi nzuri.

Kuhusu bati, mlifanya vizuri kushusha. Hewa iliyo chini ya bati saa saba mchana ni kama ya tanuri, na pangaboi lililokaribia bati linaichota hiyo na kuwamwagia watoto. Shusheni mapanga yafike mita 2.6 kama nilivyomwambia mama wa Mkunazini. Kulabu isining'inie kwenye ubao mmoja wa kenchi: wekeni mbao ngumu inayovuka kutoka kenchi hadi kenchi, ifungwe kwa bolti, na kulabu ipite ndani ya mbao hiyo ikiwa na washa pana na nati upande wa juu. Na kama mna uwezo, fungueni matundu yenye wavu kwenye kuta za pembetatu chini ya paa, pande zote mbili. Joto la bati litatoka lenyewe, bila umeme.

SWALI: Fundi, nimenunua feni ya kisasa yenye rimoti, ile isiyokula umeme sana, wati 30 na kitu. Nimeifunga sebuleni kwenye nyumba yetu ya zamani yenye dari ndefu, fimbo nimeongeza vizuri. Lakini inajiwasha na kujizima, na rimoti mara inakubali mara inakataa. Nimeuziwa mbovu?
Kijana wa Kibokoni, Mombasa

JIBU: Kaka, hapo ukutani bila shaka umeacha regulata ya feni ya zamani, kile kitufe cha namba za mwendo. Feni hii yako ina sakiti yake ndani ya mota, ndiyo inayopanga mwendo, na inataka umeme kamili muda wote. Regulata inaupunguza umeme kabla haujafika, sakiti inakosa nguvu, inazimika, inajaribu tena. Ukiiacha hivyo itaungua na waranti hawataitambua. Zima mein swichi, toa regulata, weka swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Mwendo upangie kwenye rimoti tu. Regulata uliyoitoa iweke: feni ya zamani ya wati 70 au 80, kama bado unayo chumba kingine, haipungui mwendo bila hiyo.